Je, Wajua? Intaneti ya Simu Haipiti Hewani Njia Yote

Je, wajua kwamba ujumbe wako husafiri hewani kipande kifupi tu cha njia? Simu ni redio ndogo inayopokea na kurusha mawimbi. Ukibonyeza kutuma, mawimbi hayo hufika kwenye mnara wa karibu, mara nyingi ndani ya kilomita chache. Kutoka hapo data mara nyingi huingia kwenye nyaya za mkongo hadi mitambo ya kampuni ya simu. Ikienda ng'ambo, hupita chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM, uliozinduliwa Julai 2009, ulizifikia Mombasa na Dar es Salaam. Kabla yake Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti, iliyokuwa ghali na ya polepole.

Herufi juu ya kioo: "E" ni mtandao wa kizazi cha pili, picha hufunguka kwa kusuasua. "H" ni kizazi cha tatu. "4G" hutosha kutazama video bila kukwama.

Wi-Fi ya nyumbani: masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hayafiki mbali.

Kwa nini chaji huisha haraka penye mtandao hafifu? Simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili mnara uisikie. Ukiwa safarini mahali pasipo mtandao kabisa, ambako simu hupoteza chaji ikitafuta mnara, washa hali ya ndege. Chaji utakayookoa huenda ukaihitaji kwa simu ya dharura.