Kuzeeka mbele ya wakati: sayansi inasema nini juu ya mwili wa mchimbaji

Huku kwetu Lweba, ukimwita mtu "muzee" hujasema bado miaka yake. Iko muzee wa miaka 75 anayesukuma mtumbwi wake mwenyewe kuingia ziwani. Na iko "muzee" wa miaka 42, aliyerudi kutoka mashimo ya Misisi, ambaye hawezi kupanda kilima bila kupumzika mara tatu. Wote wawili tunawaheshimu. Lakini sisi wa sendika tunauliza: huyu wa pili, nani alimzeesha? Ni Mungu, ni miaka, ao ni kazi?

Swali hili si la maneno ya jioni tu. Wanasayansi wanalitafuta jibu katika maabara kubwa za dunia, na wengine wamelitafuta hapa hapa Congo. Tumeona vizuri kuwaeleza ndugu wachimbaji, mama zetu wa twanga (twangaises) na jamaa zenu yale yanayojulikana, juu kuna mambo ambayo mtu akiyajua mapema anaweza kujikinga, na kuna mengine ambayo tukiyajua pamoja tunaweza kuyadai.

Kamba inayofumuka

Mwili wa mtu umejengwa na seli, vijiumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Seli zinajigawa, za zamani zinakufa, mpya zinachukua nafasi. Zamani waganga wengi waliamini seli zikitunzwa vizuri nje ya mwili zitajigawa bila mwisho. Mwaka 1961, kule Philadelphia, Marekani, Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead walionyesha kwamba sivyo: seli za kawaida za mtu zinajigawa karibu mara 40 mpaka 60, halafu zinasimama. Yaani seli inahesabu.

Inahesabu namna gani? Ndani yake mna ADN, nyuzi ndefu zenye maagizo yote ya mwili. Kila mchimbaji anaijua kamba ya nailoni ya kuteremkia shimoni: ukiikata, unachoma ncha yake kwa moto ili isifumuke. ADN nayo iko na ncha zake zinazoizuia kufumuka. Zinaitwa telomeri. Kila seli inapojigawa, telomeri zinafupika kidogo. Zikiwa fupi sana, seli inaacha kujigawa. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kueleza jambo hili, na kwa kugundua kitu ndani ya seli kinachoweza kuzirefusha tena ncha hizo.

Lakini telomeri si hadithi nzima. Mwaka 2013 kundi la watafiti, mmoja wao Carlos López-Otín wa Hispania, waliandika alama tisa za uzee ndani ya mwili. Mwaka 2023 wakaziongeza zikawa 12. Tutaje tatu tu. Ya kwanza, ADN inaharibika na mwili unashindwa kuitengeneza yote. Ya pili, seli zilizochoka hazifi wala hazifanyi kazi: ni kama mtu aliyekaa kwenye mlango wa shimo, hachimbi, hatoki, na anawasumbua wanaopita. Ya tatu ni uvimbe wa ndani usiopoa, kama moto wa makaa uliofunikwa na majivu.

Kwa hiyo kuna umri wa karatasi ya kuzaliwa, na kuna umri wa mwili. Hizo mbili haziendi pamoja siku zote. Hapo ndipo kazi yetu inaingia.

Mkojo wa watoto wa Kasulo

Tuanze na nchi yetu. Kule Kolwezi kuna kartie inayoitwa Kasulo. Mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba mashimo katika viwanja, jikoni mpaka sebuleni. Watafiti wa Université de Lubumbashi, pamoja na Célestin Banza Lubaba Nkulu, na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walikwenda kupima. Walichukua mkojo na damu ya wakaaji 72, watoto 32 wakiwa ndani, wakalinganisha na watu wa kartie jirani isiyochimbwa. Matokeo yalitoka mwaka 2018.

Vumbi la nyumba za Kasulo lilikuwa na madini mengi. Kobalti ilikuwa nyingi mwilini, zaidi kwa watoto. Na katika mkojo wa watoto hao walikuta dalili kwamba ADN inaharibiwa kuliko kwa watoto wa jirani.

Tusitie chumvi. Uchunguzi huo haukusema kwamba watoto wa Kasulo wamekuwa wazee. Ulisema kwamba jambo moja kati ya yale yanayozeesha mwili limeanza kwao, nao bado wanacheza mpira. Huku Fizi tunachimba dhahabu, si kobalti. Lakini fundisho ni moja: madini hayabaki shimoni. Yanafuata nguo, viatu na mikono mpaka kitandani mwa mtoto.

Askari anayekula jiwe

Adui wetu mkubwa ni vumbi la jiwe jeupe, quartz, lile linalobeba dhahabu. Ndani yake mna silisi. Vumbi kubwa linabaki puani, unalipiga chafya. Lile dogo kabisa, ambalo hata jua likiingia mlangoni hulioni vizuri, linafika mwisho wa mapafu.

Huko mapafuni kuna seli ambazo ni askari wa mwili. Zinakula kila kitu kigeni. Askari anakula punje ya silisi, lakini hawezi kuiyeyusha. Anakufa, anamwaga sumu yake, na punje inabaki mzima. Anakuja askari wa pili, naye vile vile. Kila mara panabaki kovu. Kovu halivuti hewa. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea kukua hata kama mtu ameacha kazi miaka mingi.

Mapafu ya kila mtu yanafika kilele cha nguvu yake karibu na miaka 20 mpaka 25, halafu yanashuka polepole. Huo ndio uzee wa kawaida. Vumbi linaugeuza mteremko mdogo kuwa genge. Tena silikozi inafungulia mlango kifua kikuu, na toka mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeiweka silisi katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu.

Afrika Kusini waliona hili kwa macho. Kule kuna kazi ya miaka mingi ya kuchunguza mapafu ya wachimbaji waliokufa. Kwa wachimbaji weusi wa dhahabu, mwaka 1975 walikuta silikozi kwa watu karibu 3 kati ya 100. Mwaka 2007 walifika 32 kati ya 100. Tuelewe vizuri: kipimo cha maiti kiligeuka kuwa ushahidi wa wazima. Wachimbaji na wajane walishtaki, na mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano ambayo kampuni zilikubali kutoa karibu randi bilioni 5. Hata watu wa Lesotho na Msumbiji waliokwenda kule kutafuta maisha waliingia katika hesabu hiyo.

Moshi usionuka

Wa pili ni zebaki, ile tunayoiita merkiri. Inashika dhahabu, halafu tunaichoma ili iondoke. Inaondoka kwenye sahani, haiondoki duniani. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, karibu sehemu 80 kati ya 100 zinaingia damuni, zinakwenda kwenye ubongo na figo. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, akili inasahau, hasira inakuja bila sababu. Watu wanasema, "Muzee amechoka, ni miaka." Pengine si miaka, ni sahani ya jikoni.

Kwa mama mwenye mimba ni hatari zaidi, juu zebaki inavuka mpaka kwa mtoto tumboni. Na ikiingia majini inageuka, inaingia samaki. Wajapani walijifunza hayo kwa machozi kule Minamata, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Sisi tunaokula ndagala na mikeke ya Tanganyika hatupaswi kungoja somo letu wenyewe.

Mawazo na presha

Wamama wataniambia: sisi hatuteremki shimoni. Kwanza, twanga ni vumbi lile lile, pengine zaidi, juu unakaa nalo usoni siku nzima. Pili, uzee unapita hata katika mawazo. Mwaka 2004 Elissa Epel na Blackburn walipima mama 58 kule Marekani. Wengi wao walikuwa wanalea mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu. Waliokuwa na mawazo mengi zaidi walikuwa na telomeri fupi kuliko waliotulia, kama vile seli zao zina miaka kumi ya ziada. Mama wa Fizi, aliyekimbia vita mara ngapi na kurudi mara ngapi, hahitaji kuelezwa sana maana yake.

Tatu, presha. Watu wanafikiri ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ng'ambo kule Tanzania, watafiti walipima wazee zaidi ya 2,200 wa vijijini, wenye miaka 70 na kupita. Karibu 70 kati ya 100 walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya hao hawakujua. Presha haipigi kelele. Inapiga siku moja, mtu anaanguka upande mmoja, na jamaa wanatafuta mchawi.

Je, dawa ya ujana iko?

Sokoni utaambiwa iko. Maabara yanasema bado. Ile inayozungumzwa sana ni rapamycin, iliyotoka katika udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwapa panya waliokwisha kuzeeka, na panya hao wakaishi zaidi: majike karibu asilimia 14, madume karibu asilimia 9. Ni habari kubwa. Lakini panya si mtu, na dawa hiyo hospitalini inapunguza nguvu ya askari wa mwili ili mtu asikatae figo aliyopandikizwa. Hapa petu penye malaria na kifua kikuu, kuimeza bila munganga ni kufungua mlango na kuwaita wezi. Usitoe dola zako kwa chupa ya "kurudisha ujana".

Dawa tuliyo nayo leo ni ya bei ndogo:

Maji. Jiwe lililolowa linatoa vumbi kidogo zaidi. Wafora na mama wa twanga, mwaga maji kabla ya kupiga. Kitambaa puani kinazuia vumbi kubwa, lile dogo linapita. Barakoa ya kweli ndiyo inayofaa.

Retorte. Ni chombo kinachofungwa, kinakamata mvuke wa merkiri na kuurudisha. Koperative moja inaweza kununua kimoja kwa wote. Na mtu asichome jikoni, wala karibu na mtoto.

Nguo. Za shimoni zibaki shimoni, ao zioshwe mbali na za mtoto.

Kipimo. Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi, na umwambie munganga miaka uliyokaa katika vumbi. Ukivuka miaka 40, pima presha. Na sigara juu ya vumbi ni petroli juu ya moto.

Neno ambalo sheria inalijua

Maji na retorte tunaweza kujitafutia. Jambo moja haliwezekani kwa mtu peke yake. Katika sheria za pensheni za nchi nyingi zinazosema Kifaransa kuna maneno mawili: usure prématurée. Maana yake, mwili kuchakaa mbele ya wakati. Sheria ilijua zamani jambo ambalo maabara inalipima leo: kwamba miaka ya karatasi haitoshi kusema nani amechoka. Lakini mchimbaji wa mikono, ambaye mwili wake unachakaa kuliko wa wengi, mara nyingi hana hata jina CNSS. Kodi ya mining aliyotozwa ameiona. Pensheni hajaiona.

Kwa hiyo tunadai vitu vitatu: koperative ziwaandikishe wanachama wao, PDG wa mashimo wachangie, na waganga wa serikali wapime mapafu ya wachimbaji wakati wangali wazima. Na ushahidi tuuanze wenyewe. Kila mmoja wetu achukue daftari la shule, aandike: mwaka nilioanza, shimo gani, kazi gani, miezi mingapi, nilikohoa lini. Wenzetu wa Afrika Kusini walishinda juu kulikuwa na maandishi. Kwenye mkutano wa koperative unaokuja, njoo na daftari lako. Mama wa twanga, nanyi pia. Na yule asiyejua kuandika, aje na mtoto wake anayesoma.