Prosesa mbili kwa bei nafuu
Abit BP6, ubao mama uliotoka mwaka 1999, ulikuwa na soketi mbili za Celeron, prosesa ambayo Intel iliikusudia kwa kompyuta za bei ya chini zenye prosesa moja. Kashe (kumbukumbu ya haraka) ya Celeron, kilobaiti 128, ilikuwa ndogo kuliko ile ya 512 ya Pentium II, prosesa ya Intel iliyokuwa ghali zaidi, lakini ilikwenda kwa kasi kamili ya prosesa, ilhali ile kubwa ilikwenda kwa nusu yake. Hapo ndipo mnunuzi alipopata nafuu ya kweli. Lakini ili kunufaika na prosesa zote mbili, muhimu zaidi ulikuwa mfumo endeshi: Windows 98 ilitumia prosesa moja tu, ya pili ikakaa bure, ilhali Linux na Windows NT zilizitumia zote mbili, hasa programu kadhaa zilipofanya kazi kwa pamoja.