Kihispania: Lini useme kwamba jambo 'linaendelea'?

Waswahili wengi wanaojifunza Kihispania hukwama mahali ambapo lugha yao wenyewe haiwasumbui: kutenganisha jambo linalotendeka sasa hivi na jambo la mazoea.

Katika Kiswahili, kiambishi "-na-" hubeba maana zote mbili. Anayesema "Asha anasoma gazeti" huenda ana maana kwamba gazeti liko mikononi mwa Asha, au kwamba Asha ni msomaji wa kila siku.

Kihispania kina njia mbili. "Asha lee el periódico" hueleza mazoea, na mara nyingi hata jambo la sasa. "Asha está leyendo el periódico" husisitiza kwamba kitendo kimeanza na bado hakijakwisha.

Muundo wake

Kitenzi "estar" hubadilika kulingana na nafsi: estoy, estás, está, estamos, estáis, están. Hufuatwa na kitenzi kikuu chenye kiishio "-ando" (hablar, hablando) au "-iendo" (comer, comiendo, vivir, viviendo).

Mitego mitatu

Wa kwanza ni wakati ujao. Kwa kuwa Kiswahili huruhusu "ninasafiri kesho", na Kiingereza vivyo hivyo, mwanafunzi huelekea kusema "estoy viajando mañana". Kihispania sanifu husema "viajo mañana", kwani safari bado haijaanza.

Wa pili ni hali ya mwili. Hapa Kiswahili ni mwalimu bora kuliko Kiingereza. "Amekaa" ni "está sentado". Lakini "se está sentando" ni mtu ambaye ndiyo kwanza anajishusha kitini.

Wa tatu ni kazi na makazi. "Trabajo en un hospital" hutaja kazi ya mtu. "Estoy trabajando en un hospital" huweza kusikika kama kazi ya muda tu.

Kwa mhamiaji anayehojiwa na mwajiri, au na mwenye nyumba ya kupanga mjini Madrid, tofauti hiyo si ndogo. Mtu mwenye ajira ya kudumu anaweza kudhaniwa kuwa kibarua kwa sababu ya neno moja alilolizidisha.

Kipimo chepesi ni hiki: ikiwa sentensi inakubali kuongezewa "hivi sasa" au "kwa kipindi hiki tu", "estar" inafaa. Penye shaka, wakati uliopo wa kawaida ndio salama zaidi.