Saratani Nairobi: Mtaji unaoliwa na kuchelewa

Wafanyabiashara wa Nairobi huhesabu hasara ya moto, wizi na kodi. Hasara ya saratani huachwa nje ya daftari, ingawa takwimu zake zipo.

Rejista ya Saratani ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2001 chini ya taasisi ya utafiti ya KEMRI, iliandikisha wagonjwa wapya 8,982 kati ya mwaka 2004 na 2008. Wanawake walikuwa 5,093. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, katika kila wanawake 100,000, wastani wa 51.7 kwa mwaka walipata saratani ya matiti na 46.1 ya mlango wa kizazi. Kwa wanaume, tezi dume iliongoza kwa 40.6, ikifuatwa na umio kwa 15.

Upande wa vifo, makadirio ya shirika la kimataifa la IARC kwa Kenya nzima mwaka 2022 yalikuwa wagonjwa wapya 44,726 na vifo 29,317. Waliokufa si lazima wawe wale wale waliogunduliwa mwaka huo. Hata hivyo, uwiano huo unakaribia vifo viwili kwa kila wagonjwa wapya watatu. Nchini Marekani haufiki kifo kimoja kwa watatu.

Sababu moja kubwa ni kuchelewa. Wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea, wakati tiba ni ghali na matumaini ni madogo. Kwa mwenye duka, fedha za kununulia bidhaa huanza kulipia dawa na mionzi. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia tiba, lakini ina kikomo cha mwaka kwa kila kaya. Kinachozidi hutoka mfukoni, au kwa kuuza kiwanja kwa bei ya haraka.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayozuilika kwa gharama nafuu. Chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 ilianza kutolewa nchini Oktoba 2019. Kwa mwanamke mtu mzima, kipimo cha kupaka siki huchukua dakika chache na huonyesha dalili kabla hazijawa saratani.

Vyama vya kuweka akiba vinaweza kutenga siku moja kwa mwaka ya wanachama kupimwa, ikilipiwa na mfuko wa chama. Gharama hiyo hupangwa mapema. Mchango wa hospitali huja bila kupangwa.