Kasuku wa kijivu: kwa nini kumnunua kwa huruma hakumwokoi

Mtu anayeuza kasuku wa kijivu mjini Butembo au Beni haulizwi mara nyingi amemtoa wapi. Ndege yumo kikapuni, manyoya ya mabawa yamekatwa, mkia wake mwekundu umechafuka. Mpita njia mwenye moyo mwema anatoa pesa ili amwokoe. Huruma yake ni ya kweli, lakini kwa muuzaji yeye ni mteja kama wengine, na mtegaji ataagizwa alete wengine.

Tumwangalie ndege mwenyewe. Kasuku hawezi kujichimbia nyumba katika mti mzima. Anatafuta mti mkubwa, wa zamani, wenye tundu. Jike hutaga mayai 3 hadi 5, na anapoyalalia dume ndiye humletea chakula. Kinda huchukua miaka kadhaa mpaka naye azae. Kuku wakiisha nyumbani, mwaka mmoja unatosha kujaza tena banda. Kwa kasuku haiwezekani.

Tena ni ndege wa kundi. Hulala pamoja kwa mamia, na mtegaji anajua hivyo: hufunga kasuku mmoja juu ya mti, hupaka matawi ulimbo, na sauti ya aliyefungwa inawaita wenzake. Wengine huchukua makinda tunduni, na pengine mti wenyewe huangushwa. Hapo nyumba ya vizazi vingi imekwisha kwa siku moja. (Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inamruhusu mtu kuchukua makinda, lakini mama lazima amwache aende. Ulimbo haumwachi mama.) Wengi hufa njiani, kwa kiu, kwa kubanana, kwa majeraha. Kwa hiyo yule mmoja wa kikapuni ana wenzake waliokufa ambao mnunuzi hawaoni.

Tangu mwaka 1975, zaidi ya kasuku milioni 1.3 waliokamatwa porini waliandikwa katika biashara ya kimataifa. Nchini Ghana, uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walipungua kwa 90 hadi 99 kwa mia tangu 1992. Mwaka huohuo wa 2016, nchi zilizokutana Johannesburg zilikubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini.

Lakini magendo yanaendelea. Mwezi wa nne 2022, wakuu wa Uganda walikamata kasuku 122 karibu na Bunagana, na Mkongomani mmoja alihukumiwa miaka 7 gerezani.

Kwetu kuna jambo lingine. Magharibi ya Lubero, upande wa Manguredjipa, ndipo unapoanza msitu mkubwa unaoendelea mpaka Tshopo na Maniema. Mbao, makala na mashamba mapya ya kakao vinaumega, na vita vimewasukuma watu wengi kutafuta maisha popote. Sitamlaumu mkimbizi anayekata mti apikie watoto. Msumeno wa mfanyabiashara ni habari nyingine.

Na aliye tayari na kasuku nyumbani? Asimwachilie tu: mabawa yaliyokatwa hayaruki mpaka manyoya mapya yaote, na hiyo ni miezi mingi. Awaulize watu wa ICCN. Kituo cha Lwiro, Kivu ya Kusini, kinachojulikana kwa sokwe, hupokea pia kasuku na kuwafundisha tena kuruka.