SHERIA YA KABUMBU: MSUMENO AU KISU?

Barazani kwetu Kibokoni, baada ya swala ya Isha, kuna mambo mawili yanayoweza kuipoza kahawa vikombeni bila ya mtu kuinywa: kuandama kwa mwezi na kadi nyekundu. La mwezi lina mwisho wake, kwani hatimaye kila mtu hufunga au hufungua. Lakini mjadala wa kadi nyekundu hulala nao watu wakaamka nao.

Mjadala mkali kuliko yote niliyoisikia hapo ulizuka mwezi wa Novemba 2025. Tarehe 13 ya mwezi huo, mjini Dublin, Cristiano Ronaldo alimpiga kiwiko beki wa Jamhuri ya Ireland. Mwamuzi alimwonyesha kadi ya manjano kwanza, kisha akenda kutazama picha za televisheni, akaibadili kuwa nyekundu. Ureno ikalala mabao 2-0. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nahodha huyo kutolewa uwanjani akiwa na jezi ya taifa lake, baada ya mechi zaidi ya 220.

FIFA ikampa adhabu ya mechi tatu. Moja akaitumikia Ureno ilipoichabanga Armenia 9-1. Mbili zilizosalia zikawekwa kando kwa muda wa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba asirudie kosa la namna ile. Basi mlango wa Kombe la Dunia la 2026 ukawa wazi kwake tangu mechi ya kwanza.

Mzee mmoja wetu akaweka kikombe chini. "Nambieni," akasema, "lau aliyepiga kiwiko kile angekuwa beki wa Haiti, angewekewa kando adhabu yake?"

Kijana mmoja, shabiki wa Ronaldo wa kufa na kupona, akamjibu kwa adabu: "Mzee wangu, ibara ya kuahirisha adhabu imo kitabuni. Haikutungwa kwa ajili yake."

Na kweli imo. Ibara ya 27 ya kanuni za nidhamu za FIFA inairuhusu kamati kusimamisha adhabu na kumweka mchezaji chini ya uangalizi. Lakini mzee hakuuliza kama ibara imo. Aliuliza hufunguliwa nani. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

SI JAMBO GENI

Wanaodhani upendeleo umeanza na fedha nyingi za siku hizi, nawarudishe nyuma kidogo. Mwaka 1962, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Santiago, Brazil iliwatoa wenyeji Chile kwa mabao 4-2. Garrincha, winga aliyewazungusha mabeki kama pia, alifunga mabao mawili, lakini kabla ya mechi kwisha alimpiga teke mpinzani wake akatolewa nje. Wakati huo kadi hazijakuwako. Zilianza kutumiwa Kombe la Dunia la Mexico, 1970. Vile vile kutolewa hakukuwa na maana ya kukosa mechi ifuatayo moja kwa moja. Kamati ndiyo iliyokuwa ikiamua.

Kamati ikakaa, ikaamua, na Garrincha akacheza fainali. Brazil ikaifunga Czechoslovakia 3-1 na kunyakua kombe. Dunia nzima ilitaka kumwona Garrincha, na dunia ilimwona. Je, mchezaji asiyetamaniwa na dunia angesamehewa vivyo hivyo?

JICHO LA MWAMUZI

Lakini si kila ukosefu wa usawa hutokana na upendeleo. Mwingine hutokana na jicho la mwanadamu, ambalo haliwezi kuwa kila mahali.

Mwaka 1982, mjini Sevilla, golikipa wa Ujerumani Magharibi, Harald Schumacher, alimgonga Mfaransa Patrick Battiston kwa kishindo hata akazirai na kupoteza meno. Mwamuzi hakutoa hata adhabu ya faulo. Schumacher akaendelea kucheza, akadaka penalti mbili, na timu yake ikaingia fainali.

Miaka kumi na miwili baadaye, katika Kombe la Dunia la 1994 huko Marekani, Mtaliano Mauro Tassotti alimpiga kiwiko Mhispania Luis Enrique ndani ya eneo la hatari, pua ikavunjika na damu ikatapakaa. Mwamuzi hakuona, na Italia ikashinda 2-1. Safari hii FIFA ilitazama picha baada ya mechi na kumfungia Tassotti mechi nane. Hakuichezea tena timu ya taifa.

Tazama basi, msomaji. Mmoja alimzimisha mwenzake asipate adhabu yoyote, na mwingine alivunja pua akapata mechi nane. Makosa yote mawili yaliwapita waamuzi. Tofauti ni kwamba mwaka 1994 wakuu walikubali kutazama picha.

Kuna na balaa jingine. Mwamuzi akishaona na kutoa hukumu yake, wakuu wengi huogopa kuigusa. Agosti 2006, huko Uingereza, Ben Thatcher wa Manchester City alimpiga kiwiko Pedro Mendes wa Portsmouth akazirai papo hapo. Mwamuzi alitoa kadi ya manjano tu, na kwa desturi shauri lingeishia hapo. Chama cha kandanda cha nchi hiyo kikaona kosa lilipita kiasi, kikavuka desturi yake na kumfungia mechi nane. Wengi walifurahi, nami nilifurahi. Lakini desturi ikivukwa mara moja, kila aliyeumizwa baadaye ana haki ya kuuliza: mbona kwangu haikuvukwa?

MECHI NANE NA MECHI NNE

Shauri lililowasha moto zaidi ni la maneno ya ubaguzi wa rangi. Desemba 2011 Luis Suárez wa Liverpool alifungiwa mechi nane na kutozwa faini ya pauni 40,000 kwa maneno aliyomwambia Patrice Evra wa Manchester United. Septemba 2012 John Terry wa Chelsea, aliyekuwa amewahi kuwa nahodha wa Uingereza, alifungiwa mechi nne na faini ya pauni 220,000 kwa maneno aliyomtolea Anton Ferdinand. Mahakama ilikuwa imemwachilia Terry mwezi wa Julai, lakini kamati ya kandanda, ambayo kipimo chake cha ushahidi ni chepesi kuliko cha mahakama ya jinai, ilimtia hatiani.

Mgeni alipewa nane na mwenyeji nne! Barazani tulipiga kelele, mimi nikiwa mbele.

Hata hivyo kamati zote mbili ziliandika sababu zao na kuzitangaza. Ile ya Suárez ilikuwa na kurasa 115. Humo mlielezwa kwamba alilirudia neno lile mara kadhaa katika mabishano, ilhali kosa la Terry lilihesabiwa kuwa la mara moja. Unaweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa. Mimi mpaka leo naona nusu nzima ni tofauti kubwa mno. Lakini angalau nina kitu cha kukishika na kukipinga. Mtu aliyehukumiwa bila ya sababu hana hata cha kubishana nacho.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sasa niruhusu, msomaji, nitoe siri yangu. Miaka mingi iliyopita niliwahi kuwa mmoja wa wajumbe watano wa kamati ya kombe la mtaa, lile lichezwalo baada ya Idi. Katika wiki moja vijana wawili walimpiga kofi mshika kibendera. Mmoja alikuwa beki wa timu ndogo, mtoto wa mvuvi. Wa pili alikuwa winga ambaye watu walitoka mitaa ya mbali kuja kumtazama, na timu yake ilikuwa imeshaingia fainali.

Beki tulimfungia msimu mzima. Winga tulimpa onyo kali, tukaandika kwamba "amejuta". Mimi nilinyanyua mkono mara zote mbili.

Siku ya pili babake yule beki alinijia nikitoka msikitini. Hakufoka. Aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kijana wangu mumemfungia kwa kofi lake au kwa jina lake?" Sikuwa na jibu. Kijana hakurudi tena uwanjani, hata msimu wa adhabu ulipokwisha. Nikikutana naye hunipa mkono na kuniamkia kwa heshima zote, na heshima ile hunichoma kuliko tusi.

Ndiyo maana Novemba ile, wenzangu walipowalaumu wakubwa wa Zurich, mimi nilinyamaza. Upendeleo haukai katika majumba ya vioo peke yake. Hata chini ya mwembe wetu ulikuwako, na hakuna aliyetuhonga hata shilingi. Tulihongwa na hamu yetu ya kuona fainali nzuri.

Dawa si kumpa kila mkosaji idadi ile ile ya mechi, kwani makosa hayafanani. Dawa ni kulipima tendo kwanza, jina likija baadaye. Kuandika sababu na kuzitangaza. Na kama kuna msamaha, masharti yake yajulikane kabla ya kosa, ili beki wa Haiti naye ajue mlango uko wapi. Kamati iwe na jibu la kumpa baba wa mtoto pasi na kuinamisha uso.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ikikata upande mmoja tu, hicho ni kisu, na kisu humtii aliyekishika mpini.