Injini Inayovuja: Chanzo Hakiko Penye Tone

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, si ajabu kukuta gari ambalo hakuna kiwanda kitakachokiri kuwa ni lake. Bodi ni ya Land Rover kuukuu, injini imetolewa katika pikapu ya Kijapani, ekseli ya nyuma imetoka kwenye gari la tatu, na rejeta imelehemiwa mara nyingi hata umbo lake la kwanza halijulikani. Fundi aliyeliunda hana kitabu cha maelekezo, kwa kuwa kitabu cha gari hilo hakijapata kuandikwa. Likianza kuvuja, wa kuulizwa ni fizikia na kemia zile zile zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Mwenye gari moja la namna hiyo, mjini Tarime, aliniomba nilitazame wakati wa likizo. Alikwisha badili sili ya nyuma ya krankishafti mara tatu, na kila mara ilibidi giaboksi ishushwe. Wiki mbili zikipita, oili ilirudi: nyuma ya injini, kwenye kifuniko cha vali, na hata kwenye tundu la dipstiki. Mafundi walimwambia kwamba sili za siku hizi ni mbovu.

Swali la kwanza ni hili: kinachovuja ni kitu gani? Tandika kadibodi safi chini ya gari usiku kucha, uweke alama mahali magurudumu yaliposimama. Oili ya injini huteleza vidoleni na aghalabu ni nyeusi. Dizeli hujitambulisha kwa harufu. Mafuta ya breki huweza kumdanganya mtu, kwani ni mepesi na hufanana na oili mpya. Lakini ukidondosha tone katika gilasi ya maji, oili itaelea na mafuta ya breki ya kawaida yatachanganyika na maji. (Gilasi hiyo isirudi jikoni.) Ikiwa ni mafuta ya breki, gari lisiondoke hapo lilipo. Miteremko ya Tarime haimpi dereva nafasi ya pili.

Maji yanayodondoka kwenye eksozi asubuhi yenye baridi huwatia watu hofu bure. Petroli ina haidrojeni, nayo ikiungua huungana na oksijeni kuwa maji. Tukiichukulia petroli kuwa ni oktani, mlinganyo ni 2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O. Mwanafunzi akikokotoa ataona kwamba gramu 114 za oktani hutoa gramu 162 za maji. Kwa hiyo lita moja ya petroli, yenye uzito wa gramu 740 hivi, hutoa takriban lita moja ya maji. Bomba likipata moto, maji hayo hutoka kama mvuke usioonekana.

Sasa turudi kwenye oili. Tone huanguka mahali pa chini kabisa, wala si pale lilipotokea. Oili hutiririka kufuata mbavu za injini, na gari likienda, upepo wa feni na wa mwendo huisukuma nyuma. Ndiyo maana sili ya nyuma hulaumiwa kwa makosa ya wenzake walio juu na mbele yake. Vumbi la njia zetu hushika penye unyevu, kisha huenea hata chanzo kikafunikwa. Dawa yake ni kuosha injini kwa mafuta ya taa ikiwa imepoa, kisha kwa sabuni, na kuiacha ikauke kabisa. Halafu pulizia unga wa chaki ya darasani kwenye maungio yote, washa injini dakika kumi, uizime, umulike kwa tochi. Mahali pa juu na pa mbele kabisa palipolowana ndipo pa kuanzia.

Katika gari lile chaki ililowana karibu wakati mmoja mahali patatu palipo mbalimbali. Hapo ndipo nilipoacha kuzishuku sili. Sehemu tatu zikivuja pamoja, yafaa tuulize ni nini kinachosukuma oili kutoka ndani.

Hata katika injini nzima, gesi kidogo ya mwako hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampu. Kwa sababu hiyo kila injini huwekewa bomba la kupumulia. Bomba likiziba, kanieneo ya gesi hupanda mpaka ipate njia nyingine, na njia hiyo ni sili au gasketi iliyo dhaifu. Neno lenyewe linatueleza: ni kani inayogawanywa kwa eneo.

Tuliipima kwa mpira mwangavu wa maji ambao waashi hutumia kusawazisha kuta. Tuliukunja kwa umbo la U, tukatia maji nusu, tukafunga ncha moja kwenye tundu la dipstiki, mbali na feni na mikanda. Injini ilipounguruma polepole, maji yalitofautiana kimo kwa sentimita 50. Kanieneo yake ni 1,000 × 10 × 0.5, yaani paskali 5,000. Kifuniko cha vali chenye urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 20 kina eneo la mita ya mraba 0.1, kwa hiyo kilisukumwa kwa nyutoni 500, sawa na uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Gasketi gani ingevumilia?

Bomba la kupumulia tulilikuta limekatwa na kupigiliwa kigingi cha mti. Injini ilipopachikwa, bomba liligusa ukuta wa bodi, na aliyelikata aliliziba ili vumbi lisiingie. Nia yake ilikuwa njema. Kosa la pili lilikuwa dipstiki: ilitoka kwenye injini nyingine. Tulipomwaga oili na kuipima kwa jagi tulipata lita sita na nusu, ilhali injini ile huhitaji nne. Krankishafti ilikuwa ikiipigapiga oili na kuitoa povu. Tulitia lita nne, tukachora alama mpya kwa tupa, gari likiwa mahali tambarare. Oili chafu tuliitia katika debe, maana vijito vya huku huishia Ziwa Victoria.

Bomba lilipofunguliwa na kuwekewa mpira mrefu, tofauti ya maji ilishuka chini ya sentimita mbili. Kama isingeshuka, ingekuwa dalili kwamba ringi au silinda zimelika, na sili mpya zisingefaa kitu.

Gari hilo lilipoteza maji pia, bila tone kuonekana. Tarime mjini ni takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni kilopaskali 85 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 95. Rejeta ilikuwa imefunikwa kwa kopo na kitambaa, kwa hiyo maji yalitoroka kama mvuke. Kifuniko halisi kinachozuia kilopaskali 90 zaidi hupandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 116. Kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Kama maji yangeendelea kupungua, ningeitazama oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia ndani, pengine kupitia gasketi ya hedi.

Tone moja bado huanguka usiku kwenye kona ya kifuniko cha vali, ambapo bati lilipinda kwa kukazwa mno wakati wa hangaiko lile. Mwenye gari ameweka kopo chini yake mpaka apate fedha za kifuniko kingine.